Kabla Hujanunua Hedifoni: Ahadi Niliyoitikia Bila Kuisikia



Mpendwa kijana mwenzangu, Jumapili moja baada ya Misa ya pili, binti mmoja wa TYCS alinikamata nje ya kanisa. Ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kidato cha nne. "Kaka, wewe si ndiye mtu wa vyombo kwenye kwaya? Nimedunduliza mpaka nina laki tatu. Ninunue simu gani? Halafu hedifoni, nichukue za waya au hizi za siku hizi zisizo na waya?"

Nikamwambia, nipe wiki moja nifikirie. Akacheka sana. Alidhani namtania, maana kwake lilikuwa swali la dakika mbili. Kwa kweli zamani ningemjibu palepale tukiwa tumesimama. Lakini tangu yaliyonipata na bibi yangu, swali hilo kwangu si la dakika mbili tena. Basi nimeamua kumjibu hapa, ili na wewe unayesoma ukiwa na hela mkononi upate la kufikiria kabla hujaingia dukani.

Nianze na majibu ya dukani, kwa sababu hela ya kijana inatoka kwenye jasho, na kuipoteza kwa uzembe si jambo dogo.

Kwanza, jiulize simu itafanya kazi gani siku ya Jumanne ya kawaida, usiwaze siku ya harusi. Mimi nafanya kazi kwenye meza ya mboga ya mjomba wangu, Soko Kuu la Chifu Kingalu hapa Morogoro mjini. Simu yangu inapokea oda, inatuma na kupokea pesa, inawapigia wakulima wa Mgeta kuwauliza kabichi na karoti zinashuka lini. Kwa kazi hiyo betri inayokaa na chaji ni muhimu kuliko kamera tatu. Uliza pia nafasi ya kuhifadhi vitu, uliza kama inashika 4G, na uliza laini ipi inashika huko unakokaa. Ukiwa mjini laini zote ni nzuri. Ukipanda Uluguru, kona moja tu ya mlima inatosha kukata mtandao wa huyu na kuuacha wa yule.

Pili, kabla hujatoa hela piga *#06#. Itatokea namba ya IMEI, yenye tarakimu 15. Ilinganishe na iliyoandikwa kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 uone kama aina ya simu inayotajwa ndiyo uliyoishika. Juni 2016, TCRA ilipozima simu bandia, kuna watu walilala na simu wakaamka na kioo cha kujitazamia.

Tatu, ogopa mkopo usioupigia hesabu. Simu za kulipia kidogokidogo kila siku zimeenea, na usipolipa simu inajifunga. Kukopa si dhambi. Dereva wa boda boda anaweza kuihitaji simu kazini na ikajilipa yenyewe. Ila jumlisha kwanza malipo yote mpaka siku ya mwisho, ulinganishe na bei ya taslimu. Nina rafiki yangu alikuwa anaruka chakula cha mchana ili simu isijifunge. Hivi pale nani alikuwa anammiliki mwenzake?

Nne, nunua ya kudumu. Ndani ya simu kuna tantali inayotokana na koltani, na kwenye betri nyingi kuna kobalti. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, upande wa Kolwezi, na koltani inachimbwa Kivu, kama kule Rubaya, ambako vita na madini vimefungamana. Februari 2023, akiwa Kinshasa, Papa Fransisko alikutana na watu walioumizwa na vita vya mashariki mwa Kongo, akaketi akawasikiliza. Mimi na wewe hatuwezi kumaliza vita kwa kuchagua simu dukani. Tunachoweza ni kukaa na simu moja miaka minne au mitano, na kwenda kwa fundi kubadili kioo kabla ya kukimbilia mpya. Na ujue hedifoni zisizo na waya zina betri ndogo tatu: moja kila sikio, na moja kwenye kikasha chake. Zikichoka, mafundi wengi hawana la kukufanyia.

Tano, usidharau tundu la hedifoni. Simu yenye redio ya FM hutumia waya wa hedifoni kama antena. Ukichomeka tu, Radio Maria au Radio Ukweli ya jimbo letu la Morogoro inaingia bila bando hata la shilingi kumi. Ukinunua simu isiyo na tundu, mara nyingi na redio imeondoka nayo.

Hayo ningeweza kumwambia yule binti pale pale tukiwa tumesimama. Sasa nieleze kwa nini niliomba wiki.

Mwaka jana mwezi wa saba simu yangu ya batani ilikufa moja kwa moja. Nikavunja kibubu, nikaenda dukani, nikanunua simu janja pamoja na hedifoni nyeusi zisizo na waya. Muuzaji alikuwa kijana mcheshi, akanivalisha mwenyewe. "Bosi, hizi zinakata kelele zote za nje. Yaani hata mtu akikuita husikii kitu!" Alilisema kama sifa ya bidhaa, na mimi nikalisikia kama sifa. Nikalipa.

Nami nilikuwa na sababu nzuri tu. Sokoni kuna kelele kutwa nzima, na jioni nilitaka kufanya mazoezi ya sauti ya tatu kabla ya kwaya. Mwalimu alikuwa anatutumia sauti kwenye WhatsApp, kila mtu anajifunza ya kwake nyumbani. Kwa hiyo usidhani nilikuwa nasikiliza mambo ya ovyo. Siku ninayotaka kukusimulia nilikuwa nasikiliza wimbo wa Misa.

Bibi yangu mzaa mama anaishi Nyandira, kule Mgeta. Kwetu Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo huyu si bibi wa kutembelewa Krismasi tu. Yeye ndiye shina letu. Mwezi wa nane alishuka mjini kwa sababu ya macho. Alikuwa ameanza kumimina chai nje ya kikombe, na kanisani alikuwa anawatambua watu kwa sauti. Akaambiwa kuna daktari wa macho anakuja kwenye kituo kimoja mara moja kwa mwezi, na mwezi ule ilikuwa siku ya Jumatano.

Jumatatu jioni tulikuwa wawili tu nyumbani, Mji Mpya. Mama alikuwa amekwenda Dar es Salaam msibani. Nimekaa uani kwenye ndoo niliyoifunika, nimevaa sweta lenye kofia, ndani ya kofia nina hedifoni zangu. Bibi akatoka ndani polepole, akanipapasa begani, akaketi kwenye kigoda mbele yangu, akaanza kuzungumza. Niliona midomo yake inacheza. Wimbo ulikuwa umefika mahali ambapo sauti ya tatu inabaki peke yake, pale ndipo huwa nakosea. Nikatabasamu, nikaitikia kwa kichwa. Akasema tena kitu. Nikaitikia tena. "Eeh, Bibi." Akacheka kwa furaha, akanipiga kidogo gotini, akaingia kulala.

Jumatano niliondoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kupokea gari la mboga. Nikarudi saa kumi jioni. Nikamkuta Bibi kwenye kiti karibu na mlango. Amevaa gauni lake la Jumapili na kitenge ambacho alikuwa hajawahi kukivaa. Viatu viko miguuni. Kadi ya kliniki ameifunga kwenye leso, leso ameishika mkononi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, bwana wangu. Kazi ilikuwa nyingi?"

"Ilikuwepo. Mbona umependeza hivyo, unakwenda wapi?"

Akanyamaza kidogo. "Si ulisema utanipeleka?"

"Nilisema lini, Bibi?"

"Juzi, pale uani. Nilikuuliza mara mbili. Ukaitikia mara mbili."

Nilihisi tumbo limeshuka. Nikamuuliza kwa nini hakunipigia simu. Akasema, "Ningekupigia, ila namba sizioni." Kumbe na jirani alikuja saa nne, akamwambia twende nikupeleke mimi. Bibi akamjibu, asante mwanangu, mjukuu wangu anakuja.

Hakunigombeza hata neno moja. Akaingia ndani kubadili nguo, nikamsikia anaikunja ile kitenge taratibu. Ningependa angenigombeza.

Zile njegere zake zilikuwa zinamsubiri shambani, basi Ijumaa akapanda gari kurudi Mgeta, akasema mwezi ujao atashuka tena. Kama umewahi kupita kwetu unajua zile njia: mkono mmoja mlima, mkono mwingine korongo. Wiki ya tatu aliteleza akiteremka kuchota maji, akavunjika mkono wa kushoto.

Nilikwenda kwa Padre siku moja baada ya mazoezi ya kwaya, tukaketi kwenye benchi nje ya kanisa. Nilikuwa nimejiandaa kama wakili. Nikamweleza yote, halafu nikatoa utetezi wangu: "Lakini Padre, kwa haki kabisa, mimi sikuahidi. Ahadi inahitaji ujue unachoahidi. Mimi sikujua ameniomba nini. Hata kwenye katekisimu tulifundishwa kwamba dhambi inahitaji kujua na kukubali."

Akasema, "Ni kweli. Sasa niambie, siku ile ulijua nini?"

"Sikujua kitu, Padre."

"Hapana. Ulijua husikii."

Nikanyamaza. Akaendelea taratibu, "Kuitikia kwa kichwa ni neno. Kichwa chako kilimwambia bibi yako, nimesikia. Na wewe ulikuwa unajua hujasikia. Hilo neno kwa Kiswahili linaitwaje?"

Linaitwa uongo. Nililijua jina lake, ila sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kudanganya akiwa ametulia, anatabasamu, anasikiliza wimbo wa Misa.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu siku ile, na naomba tulifikirie pamoja. Je, ahadi uliyoiitikia bila kuisikia inakufunga? Mwanzoni nilisema haiwezekani. Ahadi ni yangu, inatoka ndani yangu, na kama ndani hapakuwa na kitu, hapakuwa na ahadi. Lakini mwangalie Bibi. Yeye alipokea kitu. Alikipanga, akafua gauni, akamkataa jirani kwa sababu yake. Ahadi ikishatoka inakuwa mali ya aliyeipokea, kama vile hela uliyomtumia mtu kimakosa inavyoingia kwenye simu yake na si yako tena. Unaweza kumwomba airudishe, lakini huwezi kusema hukutuma. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1791, inafundisha kwamba kuna kutojua kunakotokana na mtu mwenyewe kutojali kuutafuta ukweli, na huko hakumwondolei lawama. Ukweli wangu ulikuwa mbele yangu kwenye kigoda. Kuutafuta kungenigharimu kutoa kitu sikioni.

Kulikuwa na swali lingine lililoninyima usingizi. Kama Bibi asingeanguka, ningekuwa na hatia ndogo? Huenda ningecheka naye na kusahau. Najua wengi wetu tunapima makosa kwa ajali iliyofuata: pasipo aliyevunjika mkono, hakuna kosa. Lakini nilipoitikia pale uani sikujua kuhusu kuteleza kokote. Nilichokifanya Jumatatu jioni kilikuwa kile kile, aanguke asianguke. Kuanguka kwake kulinifanya nikione tu. Na hapo ndipo ninapoogopa, maana nimeitikia hivyo mara nyingi: kwa mama, kwa wateja, kwa wadogo zangu. Wale hawakuanguka, basi sikuhesabu.

Unakumbuka mfano wa wana wawili katika Injili ya Mathayo, sura ya 21? Baba anawaomba wakafanye kazi shambani. Mmoja anakataa, halafu anajuta na kwenda. Wa pili anakubali kwa heshima zote, halafu haendi. Mimi naona kizazi chetu kimezaa mwana wa tatu. Huyu anakubali vizuri kuliko wote, na hakusikia ameombwa nini. Yule aliyekataa angalau alimsikia baba yake, ndiyo maana aliweza kujuta. Mwana wa tatu atajutia nini wakati hajui kuna shamba?

Sasa nirudi kwenye hedifoni, maana ndiyo swali niliulizwa.

Nilipokwenda kumwona Bibi, mkono ukiwa umefungwa, nilimwomba msamaha. Nikamtolea zile hedifoni nyeusi, nikaziweka kwenye kiganja chake kizima. Akazipapasa kwa kidole gumba kama anachagua mbegu. "Ndizo hizi?" Nikasema ndizo. Akasema, "Ndiyo maana sikuukuta waya."

Sikumwelewa, mpaka akanieleza. Zamani, nikiwa na hedifoni zangu za waya, Bibi alikuwa na dawa yake. Akitaka kuzungumza nami ananipapasa begani. Mkono ukikutana na waya, anauvuta, sikio linafunguka, anaanza habari yake. Tulikuwa tunacheka wote. Na Jumatatu ile alifanya vile vile. Mimi nilidhani ananibembeleza. Kumbe alikuwa anatafuta waya. Hakuukuta, akaamini nipo.

Ndugu yangu, hapo ndipo nilipoelewa nilichonunua. Waya ulikuwa unaninyima uhuru kidogo, ni kweli. Unajifunga mafundo, unakwama kwenye kitasa, unakatika upande mmoja. Lakini ulikuwa unamwambia mtu mwingine ukweli kuhusu mimi: huyu hayupo, mvute kwanza. Niliukata nikidhani ni usumbufu wangu tu. Sikujua kwamba ncha ya pili ya waya ule ilikuwa mikononi mwa Bibi.

Kwa hiyo nikisema kuchagua hedifoni ni swali la dhamiri, simaanishi kwamba za waya ni takatifu na zisizo na waya ni za shetani. Hapana. Nawajua watu wanaozihitaji kwa haki: fundi cherehani anayesikiliza tafakari mikono ikiwa na kazi, mwanafunzi anayesoma chumba kimoja na watu watano, mtu asiyesikia vizuri anayesaidiwa na vyombo hivi. Wala siwezi kuwa adui wa teknolojia wakati Kanisa lilimtangaza Carlo Acutis kuwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, kijana aliyekufa mwaka 2006 akiwa na miaka 15, aliyetumia kompyuta kuwaeleza watu miujiza ya Ekaristi. Ila kumbuka na hili juu yake: alipenda michezo ya kompyuta, na alijiwekea saa moja tu kwa wiki. Alikuwa na waya wake mwenyewe, akaushika mwenyewe.

Na ndivyo ninavyoona sasa. Ukinunua hedifoni zisizo na waya, umechukua jukumu ambalo zamani waya ulikuwa unalibeba. Inabidi wewe mwenyewe umwambie mtu kama upo au haupo. Kwa hiyo nimejiwekea sheria moja, nayo ni rahisi hata mtoto anaweza kunisimamia: mtu akifungua mdomo mbele yangu, zote mbili zinatoka masikioni, zinakaa mkononi ambapo anaziona. Siyo moja, zote mbili. Moja ikibaki, nusu yangu imebaki huko. Na kama siwezi kuzitoa muda ule, nasema, "Subiri kidogo, sijakusikia." Sentensi hiyo imenitia aibu mara nyingi kuliko uongo wote niliowahi kusema. Lakini ni ya kweli.

Nisikufiche, nashindwa. Wiki iliyopita tu mteja aliniomba vitunguu, nikampimia nyanya. Ila sasa naomba radhi saa ile ile, sisubiri mtu avae gauni la Jumapili.

Mwezi uliofuata nilimpeleka Bibi kliniki mwenyewe, tukawa wa pili kwenye foleni. Alikutwa na mtoto wa jicho. Jicho la kulia limeshafanyiwa upasuaji, na sasa anachambua njegere mwenyewe na kunionyesha niliyoiacha mbovu. Mkono ulipona, lakini umepinda kidogo. Kila akininyooshea kikombe cha chai nauona. Yeye ameshasamehe, hata hataki nilitaje. Mimi sitaki kulisahau.

Siku ile kwenye foleni alinisumbua nimwekee hedifoni moja asikie. Nikamwekea ule wimbo wetu. Akashtuka, akashika sikio. "Yuko karibu hivi?" Akasikiliza mpaka mwisho ametulia kabisa. Halafu akaitoa, akanirudishia. "Ni nzuri. Sasa naelewa kwa nini hukunisikia." Na akaongeza, "Lakini huyu hata usipomsikiliza leo, kesho atakuwepo humu humu."

Binti yangu wa TYCS, haya ndiyo majibu yangu. Kwa laki tatu yako nunua simu yenye betri nzuri, 4G, na tundu la hedifoni. Piga *#06#. Bakiza hela ya protekta na kava. Anza na hedifoni za waya. Ukija kununua zisizo na waya baadaye, sawa, sitakulaumu. Lakini kabla hujalipa, taja moyoni jina la mtu mmoja nyumbani kwenu ambaye huwa anazungumza polepole, ambaye hawezi kukuvuta. Mwahidi huyo kwanza. Na hakikisha ahadi hiyo umeisikia.

Katika Injili ya Marko, sura ya 7, Yesu anamponya mtu asiyesikia. Anamtenga na umati, anaweka vidole vyake masikioni mwake, anaugua, anasema: Efatha. Ishara hiyo Kanisa limeitunza katika ibada ya ubatizo, pale padre anapogusa masikio ya mtoto. Kabla ya hedifoni yoyote, masikio yako yaliguswa kwa jina la Kristo, yafunguke. Papa Fransisko aliichagulia Siku ya Upashanaji Habari Duniani ya mwaka 2022 mada ya kusikiliza kwa sikio la moyo. Mimi naona sikio la moyo linaanzia hapa hapa, kwenye sikio la nyama, kwa kulifungua kwanza.

Swali la wiki: ni nani ulimwitikia juzi bila kumsikia? Nenda kwake leo, mwambie, "Samahani, sikukusikia. Uliniambia nini?"

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyeugua kwa ajili ya kiziwi, ugua na kwa ajili yetu tunaosikia tukitaka. Tupe kusema ukweli tunapokuwa mbali, na tupe kurudi upesi. Uwabariki bibi na babu zetu, na wote wanaoongea taratibu. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo. Milele, amina.